Ng'ombe Hakukataa

Shambani kwa marehemu Bwana Hemed, nje kidogo ya Konde, Pemba.
Mwezi wa Safar.

Kwa mdogo wangu mpenzi, Bi Mize binti Haji, Jambiani.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kama karatasi hii imefika na harufu ya ubani, usidhani ni mapambo. Nimeomba ifukizwe kabla ya kutoka hapa. Ikiwa harufu imepotea njiani, iwekeni tena juu ya chetezo kabla hamjaendelea, na anayeisoma anawe mikono akimaliza. Sababu itakuja mbele.

Hali yako vipi, Mize? Goti lako je, lile lililokuwa likikuzuia kushuka pwani kufukua makumbi? Bado unasokota kamba, au macho yamekataa? Mke wa Makame amejifungua salama? Na kisima cha msikitini, kimechimbuliwa au bado mnachota kwa zamu na kwa matusi? Nauliza yote kwa pamoja kwa kuwa sina hakika kwamba jibu lako litanikuta. Ukiniuliza mimi, kifua kimeziba. Nikilala chali nazama, kwa hiyo nalala nimeegemea, na mikono imekuwa minyonge hata kalamu naiona nzito. Akili, alhamdulillahi, ipo. Hiyo ndiyo inayonitaabisha.

Najua anayekusomea ni Makame. Makame, mpwa wangu, soma kama ilivyoandikwa. Usiruke mstari kwa kumhurumia mama yako, wala kwa kunistahi mimi. Ukifika pahala pa babako, pumua, kisha endelea.

Jambo lenyewe nalitaja mapema, nisije nikakatika katikati. Mchumaji mmoja wa kwetu, kijana wa Paje aitwaye Mcha, ameniambia kwamba Makame amekwisha kutia kidole gumba kwa wakala wa wachumaji, na kwamba anangojea chombo cha kuja kuchuma karafuu hapa hapa nilipo, kwa Bwana Saidi bin Hemed. Mize, asipande chombo hicho. Ndui imeingia Pemba, na imeingia katika shamba hili, na imeanzia katika banda lile lile alilolala mumeo.

Huku haitajwi kwa jina. Watu husema mgeni amekuja. Ukimsikia mtu anamuuliza mwenzake kama mgeni amelala kwao, ujue hamwulizii ndugu. Sokoni Konde wenye maduka wanafungua ubao mmoja tu wa mlango. Mteja anasimama barazani, anataja haja yake, na kitu kinasukumwa kwake kwa fimbo ya kupimia nguo. Bibi mmoja alimwambia Mhindi wa duka la kanga, "Siku zote wanivuta mkono niingie, leo wanisukumia kanga kama watoa nyoka?" Watu walicheka, na mwenye duka naye akacheka. Kisha gari la serikali likapita polepole, nyuma limebeba kitanda kilichofunikwa shuka, na hakuna aliyemaliza kicheko chake. Mchele wenyewe hakuna tangu vita vya Wazungu vianze, kwa hiyo tunakula muhogo, na mwenye muhogo anaulinda.

Sasa nitarudi nyuma, kwenye mwaka ule Makame alipokuwa hajaota meno, na mumeo Pandu alipovuka kuja kuchuma.

Unakumbuka kazi yangu siku zile. Nilikuwa mkalimani wa ofisi ya Wete. Nilisimama kati ya Mzungu na watu, neno la huku nikalipeleka kule. Mikataba ya wachumaji ilisomwa kwa kinywa changu. Ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulisema mchumaji akitoka shambani kabla ya mavuno kwisha, bila ruhusa, ni mkosa na atafungwa. Upande wa pili ulisema mwenye shamba atampa mchumaji pa kulala, maji na chakula, na atamwangalia akiugua, madhali yumo ndani ya shamba lake. Ule wa kwanza nilikuwa nikiusoma kwa sauti. Wa pili nilikuwa nikiusoma kwa haraka. Hakuna aliyeniamuru. Ndivyo nilivyowakuta waliokuwa kabla yangu wakifanya, na wenye mashamba ndio waliotukaribisha chakula.

Banda la wachumaji la Bwana Hemed lilikuwa ng'ambo ya kijito, upande wa mikoko. Bahari ikijaa, maji ya chumvi hupanda mpaka ndani ya kijito, kwa hiyo wachumaji wakivuka kuja kuteka maji katika kisima cha shamba, huku juu. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ng'ambo ile ni shamba au si shamba. Udongo wake mbaya, haukuwa na anayeutaka.

Mchumaji mmoja akaamka na homa, kisha akatoka malengelenge. Ofisi ikanituma nije nitazame na nimngojee Daktari, nami nikafikia kwa Bwana Hemed, mimi na mke wangu Asha, aliyekuwa na mimba ya Fatma. Wazee wakakaa, wakaamua kuzungusha ng'ombe.

Sijui kama Jambiani mnaifanya bado. Huku, mgeni wa namna ile akiingia, hutafutwa ng'ombe dume asiye na kilema, akazungushwa mji au shamba, watu nyuma wanasoma. Huanzia kizingitini kwa msomaji wa dua na huishia hapo hapo, kisha huchinjwa, na kila aliye ndani ya mzunguko hula. Kilichozungukwa na nyayo zake kimewekwa katika amana ya Mungu. Kilichobaki nje kimebaki nje. Na ng'ombe hapigwi wala havutwi. Msomaji hushika kamba ikiwa imelegea. Ng'ombe akigeuka, watu wote wanageuka, kwa kuwa wanaamini anaona wasichokiona.

Msomaji nilikuwa mimi, kwa kuwa niliijua dua nzima. Na kamba, Mize, ilikuwa ile uliyosokota wewe ukampa Pandu aniletee. Ilikuwa kamba nzuri, imekazwa vizuri.

Kabla hatujaondoka Bwana Hemed alinijia karibu, akanitengeneza kola ya kanzu kama mtu anayemtengeneza mwanawe siku ya Idi. Akasema, "Mwalimu, wale wa ng'ambo wamekwisha kuguswa. Tukiwatia ndani, tunamtia mgeni ndani pamoja nao. Nawe una mke mzito nyumbani kwangu."

Nikaishika kamba.

Tulishuka mpaka kwenye kijito. Kulikuwa na gogo la kuvukia watu, na pembeni yake kivuko cha wanyama, maji ya magotini. Wachumaji walikuwa wamesimama upande wa pili, waliokuwa wazima, wamevaa kanzu zao safi. Pandu alikuwa mbele, ameshika kata ya maji ya kumwoshea ng'ombe kwato akishavuka, ndiyo ada. Aliponiona alitabasamu. Alifurahi kwamba msomaji ni shemegi yake, nadhani aliona ni fahari mbele ya wenzake.

Ng'ombe alinyoosha shingo, akanusa. Akatia kwato moja majini. Nami nikavuta kamba.

Sikuivuta kwa nguvu. Nilikunja kifundo cha mkono tu, ndani ya mkono wa kanzu, hivyo hivyo kama mtu anavyomvuta mtoto sikio mbele ya wageni. Ng'ombe akarudisha mguu, akageuka. Nyuma yangu mtu akasema amekataa, na neno lile likapita kinywa kwa kinywa mpaka mwisho wa msafara, ng'ombe amekataa, ng'ombe amekataa. Tukapanda tena juu. Nilisikia Pandu akimwaga maji ya kata.

Huku mpaka leo wanawasimulia watoto juu ya ng'ombe wa Bwana Hemed aliyekataa kuvuka kijito. Ng'ombe hakukataa, Mize. Mimi nilivuta kamba.

Daktari akaja, Mzungu aliyechoka, ana vijiji vingine vinamngojea. Akataka kufunga karantini, akauliza mpaka wa shamba uko wapi. Bwana Hemed akanyoosha kidole kwenye majani yaliyokanyagwa. Daktari akanitazama mimi. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba watu wa hapa huo ndio mpaka wanaoujua. Basi pakapitishwa kamba iliyofungwa matambara meupe juu ya njia ya ng'ombe, na askari akasimama kwenye gogo.

Walio ndani ya kamba walilishwa. Bwana Hemed hakuwa mtu wa kuvunja amri, aliwapa sawasawa na ilivyoandikwa. Wa ng'ambo, akasema, hawamo ndani ya shamba lake, kwa hiyo hawamhusu, na asiyechuma atamlisha kwa sababu gani? Daktari akasema atauliza Wete. Lakini wao kutoka hawakuruhusiwa, kwanza kwa karantini, pili kwa kuwa mkataba ulikuwa bado unawashika. Kwa chakula walikuwa nje, kwa kifungo walikuwa ndani. Na kisima kilikuwa huku kwetu.

Pandu, wewe wajua, alikuwa na makovu ya ndui ya utotoni, usoni na kifuani. Haikuweza kumshika tena. Basi akawa ndiye muuguzi wa banda zima. Yeye akawaosha, yeye akawafunika, yeye akawachimbia. Maji yakipwa alikuwa akikinga ya kijito kabla chumvi haijarudi, na yale machache aliwapa wenye homa.

Siku Daktari aliporudi kutazama, Pandu alishuka mpaka ukingoni, askari akamwonyesha fimbo asikaribie zaidi. Alikuwa amekonda mpaka makovu yalionekana kama yamekusanyika. Hakunitukana. Aliita kwa adabu, kama anayeuliza barazani.

"Shemegi," akasema, "hebu tuulizie. Siye huku tuko kazini, au hatuko? Kama tuko, tupewe chakula. Kama hatuko, tuachiwe twende zetu."

Mize, nimesoma sheria za Kiingereza na fiqhi ya Kiarabu, na sijapata kusikia swali la kazi lililopangwa vizuri kuliko lile. Lilikuwa halina pa kutokea. Daktari angelisikia angelazimika kulijibu pale pale, na jibu lolote kati ya mawili lingewaokoa. Akaniuliza, anasema nini mtu yule?

Nikamwambia, anauliza ugonjwa utakwisha lini.

Daktari akamjibu kwa upole kwamba Mungu ndiye ajuaye, wavumilie. Nami nikalipeleka jibu hilo ng'ambo, neno kwa neno, kwa uaminifu. Pandu alinitazama. Alikuwa hajui Kiingereza, lakini alijua kwamba jibu lile halikuwa la swali lake. Akageuka akapanda bandani.

Bi Asha, Mungu amrehemu, alikuwa amesimama karibu na kamba na mimba yake, akasikia swali na jibu. Tangu siku ile akawa anakwenda kurusha mihogo ng'ambo, kipande kipande, na vingine vikianguka majini. Nokoa, yaani msimamizi wa shamba, alimkataza kwa heshima, kisha akamkataza bila heshima. Nyama ya ng'ombe yule iliyobaki, iliyokaushwa, Asha hakuila tena. Nilimletea sahani, akaisukuma. Akaniuliza neno moja tu, kama sikusikia vizuri au sikutaka. Nikaichukua sahani nikatoka, naye hakurudia kuniuliza mpaka kufa kwake.

Pandu alikufa mwisho, baada ya wengi aliowauguza. Hakuwa na lengelenge hata moja. Alikufa kwa njaa na maji ya chumvi. Askari aliruhusu azikwe chini ya mfenesi, nyuma ya banda.

Nami nikakuandikia kwamba ndui imemchukua.

Wewe uliujua uso wake. Kovu baada ya kovu uliujua, ulikuwa hata ukimtania kwamba mvua ikinyesha usoni mwake haitapata njia ya kushukia. Na kila mtu wa kwetu ajua kwamba ndui haimrudii mtu. Hukuniuliza. Miaka yote hii nimekuwa nikizifungua barua zako kwa hofu, nikitafuta swali lile, na kila barua haikuwa na kitu ila salamu na habari za goti. Nimefikiri pengine hukuwaza. Nimefikiri pengine uliwaza, ukanistahi kwa kuwa ni kaka yako na ndiye niliyekusaidia kumlea Makame. La pili ndilo linaloniumiza zaidi. Sikuombi msamaha katika karatasi. Nakuomba ujue tu, kisha utakalolisema juu yangu liwe ni haki yako.

Nyumba ninayokaa hapa shambani, ile ya mawe yenye bati niliyokusifia, alinipa Bwana Hemed mwaka uliofuata. Alisema ni hidaya kwa mwalimu wa watoto wake. Mvua ikipiga lile bati husikika kama mtu anamwaga kata ya maji, tena na tena.

Sasa haya ya leo. Bwana Hemed amekwisha kufariki, shamba ni la mwanawe Saidi, niliyemsomesha mwenyewe. Ndui imerudi, wachumaji wamo katika banda lile lile, na watu wanataka ng'ombe. Saidi akaja kwangu kwa adabu zote, akakaa chini kando ya kitanda changu, akaniomba nisome, kwa kuwa dua nzima hakuna mwingine anayeijua. Akasema njia ni ile ile ya zamani.

Nikamwambia, "Saidi, yule ng'ombe hakukataa. Nilimvuta mimi."

Akanishika mkono, akanitazama kwa huruma. "Mwalimu," akasema, "umeumwa muda mrefu. Kila mtu aliona."

Unaona, Mize? Uongo wangu umekuwa mkubwa kuliko mimi. Hata nikiusema mwenyewe, naambiwa ni homa.

Basi sikubishana. Nilingoja akaondoka, nikawaita wachumaji wazima, nikawaomba wanibebe na kitanda changu wanivushe mpaka bandani. Hapa ndipo ninapokuandikia. Ng'ombe huanzia kizingitini kwa msomaji na huishia hapo hapo, na kizingiti changu sasa ni hiki. Wakitaka dua, itawabidi wavuke. Mcha ndiye aliyeshika mguu mmoja wa kitanda, na njia nzima alikuwa akinicheka.

"Mwalimu, wenzio twatafuta njia ya kulitoroka banda hili, weye wahamia na godoro la sufi," akasema. "Twende taratibu basi, bwana harusi asianguke majini."

Saidi alipopata habari alikuja mpaka kwenye gogo, hakuvuka. Alisema namfunga kwa mila yake mwenyewe. Mkalimani wa ofisi siku hizi ni mwanafunzi wangu, nimemtumia neno kwamba Daktari akiuliza mpaka, yeye aulize kwanza ng'ombe amepita wapi, na akisikia swali la mchumaji, alipeleke kama lilivyo.

Makame, sasa nasema nawe juu ya hicho kidole gumba. Wakala atakwambia kwamba umekwisha kujifunga, na usipokuja utatiwa ndani. Mjibu hivi. Mkataba wa namna hii ni lazima usomwe mbele ya ofisa, pande zote mbili, kwa lugha unayoijua, na uulizwe kama umeridhika. Wewe, asema Mcha, ulitia kidole barazani kwa mtu, juu ya karatasi ambayo hukusomewa. Huo haukufungi. Na ule mchele wa arubuni ambao Mcha asema alikupa, urudishe. Ikiwa mmekwisha kuula, ni deni, utalilipa, na deni si pingu. Akizidi kukutisha, mwambie mkaulizane ofisini, utaona atakavyokumbuka ana safari. Kisha nenda mjini ukachanjwe, wewe na mkeo na mtoto. Mama yako alikataa usichanjwe ulipokuwa mdogo kwa kuwa ulikuwa na homa, na aliyemwambia asubiri ni mimi.

Na iko siku utakuja kuwa na watu chini yako, au utakuwa chini ya watu. Mkataba ukisomwa, sikiliza sana mahali msomaji anapoanza kufanya haraka.

Mize, nisalimie shangazi yetu Bi Patima aliyetulea, kama bado anakumbuka jina langu. Nisalimie Mzee Ame, mwalimu wetu wa chuo, umwambie fimbo zake zimenifikisha mbali na pengine zingezidi kidogo. Nisalimie mke wa Makame, na mtoto apigiwe adhana nyingine kwa niaba yangu. Binti yangu Fatma, aliyeolewa Msuka na mvuvi, anakusalimu. Nimemkataza asije kunitazama. Alikuja mpaka kilimani akasimama, tukapungiana mikono.

Nilitaka kukomea hapo. Lakini mchukuaji wa barua ameambiwa angoje, na ng'ombe amekwisha kuja, kwa hiyo naongeza.

Walikaa upande wa pili muda mrefu wakibishana. Hatimaye wazee walimshinda Saidi, kwa kuwa wanamwogopa mgeni kuliko wanavyomwogopa yeye. Wakamleta ng'ombe mpaka kivukoni. Watu wanne walinibeba kitandani, wakanitia kamba mkononi kutoka upande huu. Nikaiacha ilegee mpaka ikagusa maji. Ng'ombe alisimama. Aliinamisha kichwa, akanywa, akasimama tena, na nilisikia watu wanaanza kunong'ona neno lile la zamani. Sikukunja mkono. Kisha akavuka, polepole, kama aliyetumwa dukani. Mcha alimwosha kwato.

Tulianzia hapa, tukapita nyuma ya banda, nyuma ya mfenesi. Niliwaomba wanitue kidogo. Kaburi la Pandu limezama, limebaki jiwe la kichwani. Ng'ombe alipita upande wake wa nje, kwa hiyo sasa Pandu yumo ndani. Nikamjibu swali lake, kwa sauti, wachumaji wakinisikia. Nikamwambia, "Shemegi, mlikuwa kazini."

Dua nimeisoma yote. Daktari ameonyeshwa njia ya ng'ombe na mwanafunzi wangu, na kamba ya matambara meupe inafungwa sasa hivi nyuma yetu, si mbele yetu. Maji ya kisimani yameletwa, na muhogo, na Saidi amesimama kuona unavyogawiwa, uso wake umefunga.

Lakini usifurahi, Mize. Kamba inaleta chakula, haizuii ndui. Imefungwa, na barua hii ndiyo ya mwisho kutoka. Mchukuaji amesimama upande wa pili na chetezo, ananihimiza, moshi unamwingia machoni. Mimi nilichanjwa zamani nikiwa ofisini, kwangu kifua kitatangulia. Wenzangu hapa hawakuchanjwa.

Mcha amerudi kutoka kwenye mzunguko, amekaa chini, hacheki tena. Anasema kiuno kinamuuma na kichwa kimekuwa kizito. Ameniomba nimfunike shuka langu. Jua linawaka, watu wote tunatoka jasho, naye anatetemeka.

Ana umri wa Makame. Asipande chombo hicho.

Wasalaam,
kaka yako,
Vuai bin Haji